Umepewa kilti uvae harusini? Anza na soksi

Wacha nikuulize swali. Rafiki anakupigia simu, anakwambia anaoa, wewe ni mmoja wa wasimamizi wake, na siku hiyo mtavaa kilti. Ndiyo, ile nguo ya wanaume wa Scotland ambayo huku mtaani tunaiita sketi. Utawaza nini kwanza? Wengi watawaza magoti yao. Wengine watawaza upepo. Mimi niliwaza yote mawili, na siku ya pili tu nikagundua kwamba nilikuwa napoteza usingizi bure. Kilti yenyewe haina matata, ukishaifunga kiunoni imekaa. Noma inaanzia kwenye goti kwenda chini.

Ni hivi. Binamu yangu alichumbiwa na jamaa Mskoti, na harusi ikapangwa kufanyika Limuru: kanisani asubuhi, kisha chakula nyumbani kwa mjomba. Shemeji alikuwa amechagua wasimamizi wanne, marafiki zake wa tangu utotoni. Mmoja akakwama kazini dakika za mwisho. Kilti yake ilikuja ndani ya begi la mwenzake, mwenyewe hakuja. Kwa kuwa kiuno changu na chake ni kimoja, shemeji akaniomba nizibe pengo. Nilikubali kabla hajamaliza sentensi.

Nilipofungua begi nilipata kilti, mkanda, koti, na kile kipochi cha ngozi kinachoning'inia mbele. Soksi hakuna. Viatu hakuna. Jamaa anavaa nambari 11 na mimi navaa 8, kwa hivyo hawakuona haja ya kuvibeba. Harusi ilikuwa imebakisha siku 9.

"Si uvae zile raba zako nyeupe," mbogi yangu ikanishauri. Asante Mungu sikuwasikiliza. Mjomba naye, babake bibi harusi, alikuwa na lake. Alisema hataki kuona mwanamume amevaa sketi kwenye boma lake. Nitamrudia mjomba huko mwisho, kwa sababu maneno yake hayakuwa mzaha.

Kwa sasa nikupe nilichojifunza siku hizo 9, ili likikupata usihangaike kama mimi.

Kwanza ijue nguo yenyewe

Kilti kamili hushonwa kwa kitambaa cha sufu cha karibu yadi 8, yaani zaidi ya mita 7. Mbele ni bapa, nyuma ni marinda yaliyobanana. Ile miraba yake huitwa tartani, na tartani nyingi huhusishwa na ukoo, eneo au kikosi fulani cha jeshi. Scotland ina hata sajili rasmi ya tartani, iliyozinduliwa mwaka wa 2009. Pindo la kilti linafaa kufika katikati ya goti. Likishuka hadi kwenye muundi umevaa vibaya. Likipanda hadi katikati ya paja, pia umevaa vibaya.

Sasa fikiria sufu yote hiyo, nzito, imekaa kiunoni, na chini yake kuna miguu miwili. Ukivaa soksi nyembamba za ofisini na viatu vyepesi, juu utaonekana mnene na chini mwembamba, kama korongo. Ndiyo maana soksi za kilti huwa nene na ndefu. Kazi yake ni kuupa mguu uzito unaolingana na ule wa juu.

Na usidhani hii ni nguo ya kuchekeshea watu. Baada ya wafuasi wa Charles Stuart kushindwa na jeshi la serikali pale Culloden mnamo Aprili 1746, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kupiga marufuku mavazi ya watu wa nyanda za juu za Scotland. Kuanzia Agosti 1747, mwanamume au mvulana aliyepatikana na mavazi hayo alifungwa miezi 6. Akirudia kosa, alisafirishwa ng'ambo kwa miaka 7. Walioruhusiwa kuyavaa ni wanajeshi waliokuwa wakimtumikia mfalme. Sheria hiyo haikufutwa hadi mwaka wa 1782.

Miaka 40 baadaye, mwaka wa 1822, Mfalme George IV alizuru Edinburgh. Mwandishi Walter Scott ndiye aliyesimamia shamrashamra zake. Mfalme, mwili wake mkubwa, akatokea amevaa kilti, na chini yake akavaa suruali ya kubana yenye rangi ya waridi ili ifanane na ngozi yake. Wachoraji wa vibonzo wa enzi hizo hawakumhurumia. Karne mbili zimepita na bado anasimuliwa. Kwa hivyo msomaji, jua kwamba hata mfalme mwenye hazina nzima anaweza kuharibu luku kuanzia goti kwenda chini.

Soksi: mambo ni vidole vitatu

Kama ulisoma Kenya, wewe tayari una elimu ya soksi hizi. Unakumbuka zile soksi ndefu za shule, za kijivu, zenye mistari ya rangi ya shule pale juu? Ulikuwa unazivuta hadi chini ya goti, unakunja sehemu ya juu, na mwalimu wa zamu akikupata zimeteremka hadi kwenye viatu una kesi ya kujibu. Soksi za kilti zinafuata sheria ileile, isipokuwa hizi ni za sufu na zimefumwa nene.

Kipimo ni rahisi. Weka vidole vitatu chini tu ya mfupa wa goti. Pale vidole vinapoishia ndipo ukingo wa juu wa soksi, ukiwa umeshakunjwa, unapofaa kukaa. Ukivuta hadi kwenye goti utafanana na mchezaji wa hoki. Ukiacha chini zaidi, soksi inakaa pale mguu unapoanza kupungua, na hapo haishiki, itateremka tu. Kati ya pindo la kilti na soksi lazima ngozi ionekane.

Rangi je? Soksi za rangi ya krimu ndizo utakazoziona sana kwa sababu maduka ya kukodisha mavazi hupenda kuzitoa, zinakwenda na kila tartani. Si makosa. Lakini ukitaka kuonekana umefikiria, tazama tartani yako, tafuta rangi mojawapo iliyotulia ndani yake, kama kijani kibichi, samawati iliyokolea, kijivu au damu ya mzee, kisha chagua soksi za rangi hiyo. Usichague ile rangi inayopiga kelele. Kwenye tartani yetu kulikuwa na uzi mwembamba wa manjano. Nilishawishika, lakini shemeji akanitumia ujumbe wa neno moja tu: "Kijani."

Kuna pia soksi za miraba, na zile zenye maumbo ya almasi. Hizo ni za hafla kubwa za usiku na ni ghali. Kama wewe ni msimamizi, kabla hujanunua chochote uliza wenzako wanavaa gani. Watatu wakiwa na kijani na wewe una miraba, kwenye picha utaonekana kama bwana harusi wa pili.

Soksi nyeupe za michezo usivae kabisa. Za kandanda pia usivae, hata kama ni ndefu, kwa sababu nailoni inang'aa na kilti haing'ai. Soksi za shule je? Nilizijaribu. Urefu uko sawa, rangi iko sawa, lakini ni nyembamba mno, na nilipokunja juu zikawa kama zimekunjwa kwa haraka na mtu anayekimbilia paredi.

Nilichofanya ni kwenda kwa mama mmoja anayefuma masweta ya shule kwa mashine. Nilimwonyesha picha kwenye simu, akaguna, akapima mguu wangu sehemu nne: kwenye unyayo, kwenye kifundo, kwenye shavu la mguu na chini ya goti. Hapo nikajua nimefika kwa fundi. Soksi nzuri ya kilti haifumwi kama bomba. Inapanuka kwenye shavu la mguu na kupungua ikielekea kwenye kifundo, ndiyo maana haizunguki wala haijikusanyi.

Jozi ya kwanza hata hivyo tuliiharibu. Mama alifuma mapambo mazuri pale juu, lakini nilipokunja, upande uliojitokeza ukawa ule wa ndani wenye mafundo ya nyuzi. Sehemu ya juu ya soksi ya kilti inapaswa kufumwa ikiwa imegeuzwa, ili ikikunjwa uzuri uje nje. Mama alicheka, akafumua, akaanza upya. Ukienda kwa fundi wako mwambie hilo mapema, mtaokoa siku mbili.

Lastiki na tepe zake

Soksi haijishiki yenyewe. Tulipokuwa shule tulikata tyubu ya baiskeli tukaifanya raba, na jioni ukivua una pete nyekundu mguuni. Kwenye kilti kazi hiyo hufanywa na lastiki pana iliyoshonewa vipande viwili vya utepe. Unaifunga juu ya soksi kabla ya kukunja, halafu unakunja soksi ikafunika lastiki yote, na vile vipande vya utepe vinachungulia chini ya mkunjo.

Angalia mambo matatu. Utepe ukae upande wa nje wa mguu, ukielekea mbele kidogo. Sehemu inayoonekana isizidi urefu wa vidole viwili au vitatu. Na miguu yote miwili ifanane. Rangi ya utepe unaweza kuilinganisha na tartani, au uweke rangi nyingine ya tartani ambayo soksi haijaichukua. Hapa ndipo ule uzi wa manjano ningeuruhusu.

Kitu hiki hakihitaji duka la ng'ambo. Fundi cherehani yeyote anaweza kukushonea lastiki ya inchi moja na kukukatia utepe ncha zikiwa na umbo la V. Usikaze hadi damu isimame. Kidole kimoja kiweze kupita chini yake. Utasimama na kucheza kutwa nzima, mguu unavimba.

Kuhusu kile kisu

Kama umetazama picha za Waskoti kwa makini, umeona kitu cheusi kimechomoza kwenye soksi. Ni kisu kidogo, kwa Kigaeli huitwa sgian dubh, yaani kisu cheusi. Huwekwa kwenye soksi ya mguu wa kulia, au ya kushoto kama unatumia shoto, na kinachoonekana ni sehemu ya juu ya mpini tu. Kule Scotland sheria inakiruhusu kama sehemu ya vazi la taifa.

Hapa kwetu, ndugu yangu, kiache. Jaribu kumweleza askari wa mlangoni mwa hoteli ya Nairobi, kifaa chake kinalia pip pip kwenye goti lako, kwamba hiyo ni mila. Kwenye ndege pia hakiingii na abiria, kinakwenda kwenye mzigo wa chini. Sisi wanne tulikwenda bila visu na hakuna aliyeuliza.

Viatu visivyo na ulimi

Kiatu ambacho watu wengi hukihusisha na kilti huitwa gili. Jina linatokana na neno la Kigaeli gille, linalomaanisha kijana au mtumishi, hasa yule aliyewasindikiza watu kwenye uwindaji na uvuvi. Ni kiatu cheusi cha ngozi chenye vitundu vya mapambo, kamba ndefu sana, na hakina ulimi. Inasimuliwa kwamba hayo yote yalitokana na maji: vijana hao walipita kwenye vinamasi na vijito, kwa hivyo kiatu kilitobolewa maji yatoke, na kisicho na ulimi kilikauka haraka. Kamba nazo zilifungwa juu ya kifundo zisiburutike kwenye matope.

Cha kuchekesha ni kwamba nilivipata Gikomba. Nilikuwa natafuta viatu vyeusi vya kawaida nikaona jozi imetupwa pembeni. Muuzaji akanieleza kwa huruma kwamba hivyo vimepoteza ulimi, akanipunguzia hadi shilingi 800. Sikubisha. Nikalipa nikaondoka mbio kabla hajabadilisha mawazo. Kamba hazikuwepo, nikanunua zile ndefu zinazotumiwa kwa buti za askari, nyeusi, karibu mita 2 kila moja.

Lakini wewe usitegemee bahati yangu. Ukikosa gili, vaa viatu vya ngozi vyeusi vya kawaida, vya kufunga kwa kamba, visivyo na ncha iliyochongoka. Hilo linakubalika kabisa, na Waskoti wengi hufanya hivyo. Hafla ya usiku ikiwa rasmi sana, kuna viatu vyenye mkanda na bizimu ya fedha juu. Visivyofaa ni vile vya kutumbukiza mguu bila kamba, vya ncha ndefu kama mkuki, na vya kahawia ukiwa umevaa koti jeusi la jioni. Kahawia ni ya mchana, na koti la sufu la rangi ya ardhi.

Na tafadhali piga kiwi. Ukivaa suruali, nusu ya kiatu imejificha. Ukivaa kilti kiatu chote kiko nje, kisigino kikiwemo, na watu wakimaliza kutazama magoti yako wanateremka moja kwa moja hadi hapo.

Jinsi ya kufunga kamba za gili

Hapa ndipo wageni wote tunaposhindwa. Fuata hatua hizi polepole.

Pitisha kamba kwenye vitanzi vyote, ncha mbili zitoke juu zikiwa na urefu sawa. Funga fundo moja la kawaida. Kisha zisokote kamba mbili pamoja mara tatu au nne, mpaka upate msokoto unaosimama mbele ya mguu kwa urefu wa vidole viwili au vitatu. Tenganisha kamba, zipeleke nyuma ya mguu juu tu ya kifundo, zipishane huko, uzirudishe mbele. Malizia kwa fundo la kipepeo, mbele au upande wa nje kidogo, ncha zikining'inia.

Basi, hapo simama. Usiendelee kuzungusha hadi kwenye shavu la mguu kama askari wa Roma kwenye filamu. Kamba zikipanda juu sana zinateremka ukianza kutembea, na zinakata mguu wako vipande vipande machoni pa watu.

Vaa kwa mpangilio

Hili hakuna aliyeniambia na nililipia. Siku ya kujaribu, nilivaa kilti kwanza, nikafunga mikanda yake, halafu nikainama kuvaa soksi. Marinda yakavurugika, shati likatoka, na dada zangu wawili waliokuwa mlangoni wakapata hadithi ya kusimulia Krismasi tatu zijazo.

Anza na shati, kisha soksi, lastiki, na viatu, ukiwa bado na bukta yako. Kilti inafuata, halafu mkanda na kipochi, mwisho koti. Kisha simama mbele ya kioo kirefu, au mwambie mtu akupige picha kwa nyuma. Angalia kama mikunjo ya soksi iko kimo kimoja. Ukishavaa, ukitaka kuokota kitu chuchumaa, usiiname.

Ukirudi nyumbani osha soksi kwa mkono na maji ya baridi. Usizikamue kwa kuzisokota na usizianike zikining'inia. Zilaze bapa kwenye taulo. Sufu ikipata maji moto inasinyaa, utabaki na soksi za mtoto wa chekechea.

Na wale wa buti?

Najua kuna mmoja wenu anauliza kama ni lazima uwe rasmi hivyo. Hapana. Mashabiki wa timu ya taifa ya kandanda ya Scotland, wanaojiita Tartan Army, husafiri na kilti zao kila timu inakokwenda, na walijaa miji ya Ujerumani kwenye Euro 2024. Wengi huvaa buti nzito na soksi nene zilizosukumwa chini zikakunjamana juu ya buti, pamoja na jezi ya timu. Vijana wa Edinburgh na Glasgow nao huvaa hivyo kwenye tamasha na baa. Inapendeza, kwa sababu uzito wa buti unajibu uzito wa kilti. Ni hesabu ileile ya juu na chini.

Lakini kukunjamana huko ni kwa uwanjani. Harusini soksi zinasimama wima. Na ukiamua kuvaa buti, vaa buti kwelikweli. Raba haziwezi kazi hiyo.

Sasa turudi kwa mjomba

Nilikuambia neno lake halikuwa mzaha. Siku tatu kabla ya harusi nilikwenda kumwona na kilti mkononi. Hakuigusa. Akaniambia babu yangu, yaani babake, alikuwa kijana hapa Limuru wakati wa Hali ya Hatari, akazuiliwa kambini, na hakurudi alivyokuwa. Akaniambia miongoni mwa vikosi vya Uingereza vilivyoletwa Kenya miaka hiyo kilikuwemo cha Waskoti, kilichokuwa hapa kuanzia 1953 hadi 1955. "Sasa wewe," akasema, "mjukuu wake, uvae nguo yao kwangu?"

Sikuwa na jibu. Nilimsimulia ile sheria ya 1747, jinsi watu hao walivyokatazwa nguo yao nyumbani na kuruhusiwa tu kuivaa wakiwa wanajeshi wa mfalme yuleyule. Mjomba alisikiliza, akatazama migomba yake. "Basi nao walionewa," akasema, "halafu wakatumwa." Hakusema zaidi. Hakusema nivae na hakusema nisivae.

Asubuhi ya harusi tulivalia chumba cha nyuma nyumbani kwa mjomba. Ilikuwa imenyesha usiku kucha, Limuru unaijua. Soksi zangu zilikuwa sawa, lastiki sawa, kiwi nimepiga hadi unajiona. Kamba ndizo nilizokosea. Nilikuwa nimezizungusha hadi karibu na soksi ilipokunjwa, nikifikiri nimeweza.

Babake bwana harusi, mzee wa miaka sabini na kitu, akaingia kutukagua. Alinitazama juu hadi chini, akafika kwenye viatu, akasimama hapo. Kisha, bila kusema kitu, akashika ukingo wa kiti na kupiga magoti mbele yangu.

Ndugu msomaji, wewe unajua kwetu hilo ni jambo gani. Mzee apige magoti mbele ya kijana, tena kijana mwenyewe ni mimi? Nilijaribu kumwinua. "Mzee, tafadhali, nitafanya mwenyewe." Akakataa. Akafungua kamba zote, akaanza upya, akihesabu misokoto kwa sauti ya chini: moja, mbili, tatu. Akasema siku aliyooa, babake ndiye aliyemfungia, na tangu hapo hajamwacha kijana yeyote wa familia yake aende kanisani na kamba mbaya.

Nilipoinua macho nikamwona mjomba amesimama mlangoni. Sijui alikuwa hapo tangu lini. Aliniuliza mzee amesema nini, nikamtafsiria. Akanyamaza. Akamtazama yule mzee anavyohangaika na mguu wa pili, mikono ikitetemeka kidogo.

"Mwambie akaze," mjomba akasema. "Huko nje ni matope."

Kisha akampa mkono, akamwinua.

Sitakudanganya kwamba historia iliisha hapo chumbani. Mjomba hakuwa amesahau chochote, na sikutarajia asahau. Lakini tulitoka pamoja, na tulipopita kwenye matope ya langoni, kamba zangu zilikuwa juu, safi, kama zilivyokusudiwa.

Kwa hivyo ukiombwa uvae kilti, usikatae kwa kuogopa kuchekwa, na usikubali kwa kutafuta likes. Mtu aliyekupa nguo ya kwao ana macho, na macho yake yataanzia chini. Pima vidole vitatu, kunja soksi vizuri, sokota kamba mara tatu. Hata kama viatu ni vya Gikomba, ataona kwamba ulijali.

Mwezi mmoja baadaye mjomba alinipigia simu. Alitaka nambari ya yule mama anayefuma. Anasema Limuru alfajiri kuna baridi na anahitaji soksi ndefu za kukamulia ng'ombe, za sufu, zifike chini ya goti.

"Bila zile tepe," akasisitiza.